Daftari la Madeni na Rangi Zake 91

Mama mmoja mwenye duka la rejareja Tandika ndiye aliyenifanya nisimamishe toleo lililokuwa tayari kwenda hewani. Nilikuwa nimepita dukani kwake jioni, kama nilivyozoea kila baada ya wiki mbili, ili nione anavyoitumia programu yangu ya kuandikia madeni ya wateja, na umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Mteja akaja dirishani akataka nusu kilo ya sukari, akaomba iandikwe. Mama akafungua simu, na papo hapo ule ukurasa wangu mweupe ukamulika uso wake, ukamulika rafu zilizokuwa nyuma yake, ukamulika na kopo la chenji lililokuwa kando ya mzani. Watu wawili waliokuwa wakisubiri nje ya wavu wakanyoosha shingo, nadhani bila hata kukusudia. Akaifunika simu kwa kanga, akaingiza deni lake kwa kidole kimoja chini ya nguo, kisha akanigeukia.

"Mwanangu, hiki kioo chako kinanianika."

Nilimwahidi kwamba nikirudi tena atakuta mandhari ya usiku, na niliahidi kwa moyo mweupe kwa sababu niliamini ni kazi ya jioni moja. Tangu mwaka 2019, Android 10 na iOS 13 zilipotoka, simu zina mpangilio wa jumla unaoziarifu programu zote iwapo mwenye simu anataka mwanga au giza, na Flutter, zana niliyoijengea programu hii, hupokea seti mbili za rangi na kuchagua yenyewe ipi ya kuonyesha. Mistari mitatu minne ya msimbo, nikajiambia. Niliiandika usiku huohuo, nikaigeuza simu yangu iwe ya giza, nikafungua programu. Kichwa cha ukurasa kilikuwa cheusi na orodha ya wateja nyeupe vilevile. Ukurasa wa mteja mmoja mmoja ulikuwa mweusi wote pamoja na majina, kwa kuwa majina niliyaandika kwa wino mweusi tangu siku ya kwanza, hivyo kilichobaki kuonekana ni tarakimu nyekundu za madeni, zikielea gizani bila wenyewe.

Sababu niliijua kabla sijaitafuta. Nilipopekua msimbo kila mahali nilipokuwa nimeandika rangi moja kwa moja, nilihesabu rangi 91 tofauti. Nyeupe peke yake zilikuwa kumi na moja, zikipishana kwa kiasi ambacho jicho la binadamu haliwezi kukitambua, na kijivu ndiyo usiseme. Kila moja ilikuwa na siku yake: nilikuwa najenga ukurasa fulani, nikajaribu rangi, ikapendeza pale pale, nikaendelea na safari. Miaka miwili ya kupendezwa hivyo ilikuwa imenitengenezea nguo ya viraka.

Njia ya mkato nayo niliijaribu, kwa sababu ahadi ilikuwa ya wiki mbili. Niliifunika programu nzima kwa kichujio kinachogeuza kila rangi kuwa kinyume chake. Weupe ukawa weusi, hilo lilifanikiwa. Lakini wekundu wa deni ukawa buluu iliyochanganyika na kijani, na picha za wateja, ambazo wenye maduka huzipenda kwa kuwa akina Juma ni wengi, zikageuka kama zile negativu za studio za zamani, watu wenye nyuso za majivu na meno meusi. Nilikifuta kabla hata sijamwonyesha mtu.

Suluhisho nililipata kwenye kanga, na sisemi hivi kwa kunogesha habari. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Ukienda kwenye maduka ya kanga ya mtaa wa Uhuru ukapenda moja, muuzaji atakuambia kwamba hiyohiyo ipo ya zambarau, ipo ya chungwa, ipo ya kijani, na utakapozitandaza utakuta pindo ni lilelile, mji ni uleule, na maneno hayakubadilika. Kilichobadilika ni rangi zilizopewa kila sehemu. Aliyeichora hakusema hapa pakae nyekundu. Alisema hapa ni pindo, na nyekundu ikaja baadaye, ikaondoka, ikaja nyingine. Mimi katika msimbo wangu nilikuwa na majina kama "kijivu hafifu cha pili", ambayo yanaeleza rangi inavyoonekana na kunyamaza kabisa kuhusu kazi inayofanya, na kitu kinachoitwa kijivu hafifu huwezi kukigeuza cheusi bila jina lake kuwa uongo.

Basi nikayafuta. Uwanja wa ukurasa nikauita mji. Kadi zinazokaa juu yake nikaziita mji wa juu. Maandishi makuu ni jina, maandishi ya pembeni ni jina dogo, kichwa cha ukurasa pamoja na vitufe vikubwa ni pindo, na maandishi yanayokaa ndani ya pindo ni jina la pindo. Wanaoufahamu Material, mfumo wa Google wa kusanifu mwonekano wa programu, watatambua kwamba huko pia kila uwanja una rangi ya maandishi yake, nao wanatembea wawiliwawili. Huwezi kubadilisha mmoja ukamwacha mwenzake. Hilo ndilo nililolikosa kwa miaka miwili. Nilikuwa nachagua rangi moja moja, ilhali zinaishi kwa jozi.

Kazi hii ilichukua siku tisa, na sehemu kubwa ya siku hizo sikupaka rangi yoyote. Nilikuwa nakaa mbele ya kijivu fulani na kukiuliza kinafanya nini. Mfano mmoja utatosha. Tarehe ya deni niliiandika kwa kijivu kilekile, namba kwa namba, nilichokitumia kwenye kitufe cha "Hifadhi" wakati hakijaruhusiwa kubonyezwa. Machoni ni rangi moja. Lakini tarehe ni habari ambayo mwenye duka lazima aisome, hata kama si kubwa, na kitufe kilichozimwa kiko pale ili kiseme "bado". Katika mwanga jambo hili lilijificha. Usiku, tarehe ilififia pamoja na kitufe, na deni lisilo na tarehe ni chanzo cha ugomvi dirishani. Nikazitenga kuwa kazi mbili. Mwishoni, rangi 91 zilikuwa kazi 16.

Baada ya hapo, kuchagua rangi za usiku kulikuwa kazi nyepesi kuliko nilivyotarajia, isipokuwa kuhusu weusi wenyewe. Kwa kawaida mtu huanza na weusi wa mkaa kabisa na maandishi meupe kabisa, kwa hoja kwamba usiku ni usiku. Ukisoma ukurasa wa namna hiyo kwa dakika tano, herufi huanza kuwa kama zina ukungu pembeni, na kwa watu wenye astigmatizimu, kasoro ya jicho inayofanya picha ipinde au ififie, hali huwa mbaya zaidi. Mwongozo wa Material ulipendekeza kijivu cheusi chenye namba #121212, na maandishi makuu yawe meupe kwa asilimia 87 tu. Faida nyingine ya kijivu hicho ni kwamba kinaacha nafasi ya kupanda. Mchana, kadi huonekana imeinuka kwa sababu ina kivuli chini yake. Usiku kivuli hakionekani, hivyo kilicho juu hupewa wepesi zaidi wa rangi kuliko kilicho chini. 

Kuhusu chaji nitasema kwa ufupi, kwa kuwa kila niliyemwonyesha mandhari ya usiku aliniuliza kama yatamwokolea betri. Inategemea kioo. Kwenye kioo cha OLED kila pikseli, yaani kila nukta ya kioo, hujiwashia taa yake, na nyeusi kabisa ni pikseli iliyozimwa. Kwenye kioo cha LCD taa iko nyuma ya kioo kizima na inawaka hata ukurasa ukiwa mweusi. Simu nyingi za bei nafuu ninazozikuta madukani ni za LCD, na kwa hizo giza halileti akiba ya maana. Hata kwa OLED watu hutia chumvi: utafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba mwanga wa kioo ukiwa kati ya asilimia 30 na 50, akiba ni asilimia 3 hadi 9 tu kwa wastani, ingawa mwanga ukipandishwa hadi mwisho inafika asilimia 39 hadi 47. Kwa hiyo katika maelezo ya toleo jipya sikuandika neno hata moja juu ya chaji.

Wekundu wa deni ulinisumbua zaidi. Nilikuwa natumia nyekundu iliyokolea, #B00020, na juu ya ukurasa mweupe ilisimama kama askari. Niliihamishia kwenye ukurasa wa usiku bila kuigusa, nikaiona nzuri, kwa kuwa nilikuwa nimekaa chumbani na simu iko sentimita thelathini kutoka usoni. Kumbe ipo njia ya kupima bila kutegemea macho ya aliyeipaka. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti, huchukua mwangaza wa rangi ya maandishi na mwangaza wa uwanja wake, ikapata uwiano unaoanzia 1, pale rangi mbili zinapolingana, hadi 21, pale nyeusi inapokaa juu ya nyeupe; na maandishi ya kawaida yanatakiwa yafike angalau 4.5. Nyekundu yangu juu ya nyeupe ilipata 7.3. Juu ya #121212 ilipata 2.6 tu. Nikaibadilisha kwa ile nyekundu iliyopauka ambayo Material waliiweka kwa ajili ya giza, #CF6679, ambayo machoni pangu ilikuwa waridi na si nyekundu, nayo ikapata 5.2. Nilimpelekea kijana mmoja wa duka la Mbagala picha mbili bila maelezo na kumwomba asome madeni. Ya waridi aliisoma yote. Ile nyingine alikosea tarakimu mbili.

Kijana huyohuyo ndiye aliyefungua mlango wa rangi. Alipoona kwamba programu inaweza kubadilika, aliniuliza kwa nini asipate ya Yanga. Siku mbili baadaye ujumbe ukaanza kuingia kutoka kwa wengine, wa Jangwani wakitaka kijani na manjano, wa Msimbazi wakitaka nyekundu na nyeupe, na mmoja akanionya kwamba nikitoa ya watani kabla ya yao atarudi kwenye daftari la karatasi. Nilicheka, halafu nikaona kwamba jambo si la kuchekwa hata kidogo. Katika programu yangu nyekundu ilikuwa na maana ya deni na kijani ilikuwa na maana ya kulipwa. Mtu wa Simba akipewa pindo jekundu, ukurasa wake wote utaonekana kana kwamba anadai dunia nzima. Wa Yanga ataonekana hana mdaiwa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika zile kazi 16 kulikuwa na makundi mawili ambayo sikuwa nimeyatenganisha. Kuna rangi za pambo, ambazo ni za mwenye simu na anaweza kuzifanya atakavyo, na kuna rangi za taarifa, ambazo ni za daftari. Nikaamua kwamba mandhari ya klabu yaguse pindo na jina la pindo pekee, na kwamba rangi za deni na malipo zisiguswe na klabu yoyote. Lakini kuzitenga hakukutosha, kwa kuwa nyekundu ya pindo na nyekundu ya deni bado zilikaa kwenye kioo kimoja. Nikaongeza neno: kila tarakimu sasa inaandikwa "anadaiwa" au "amelipa" kando yake, pamoja na mshale unaoshuka au kupanda. Nilipolisambaza toleo la majaribio, mwenye duka mmoja aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza haulizi mtu, kwani yeye kijani na nyekundu huwa hazimpambanukii. Alikuwa ametumia programu yangu kwa mwaka mzima bila kuniambia.

Manjano nayo ilikuwa na vitimbi vyake. Flutter inaweza kupewa rangi moja kama mbegu ikakuoteshea seti nzima, ya mchana na ya usiku, na hesabu zake za usomekaji ni nzuri. Ila nilipoipa manjano ilinirudishia rangi ya tope la mfereji, na nilipoipa nyekundu ikanirudishia rangi ya tofali. Kwa usomekaji ilikuwa sahihi, lakini hakuna shabiki atakayekubali tofali. Nikazichagua kwa mkono. Manjano tupu yenye maandishi meupe ina uwiano wa 1.07, yaani ni kama kuandika kwa chaki kwenye kuta za chokaa, na ikiwa na maandishi meusi inapita 19. Basi vitufe vya Yanga vina maandishi meusi, mchana na usiku, na kijani kikabaki kwenye kichwa cha ukurasa. Simba ilikuwa rahisi mchana. Usiku nililazimika kuipoza nyekundu yake kidogo, na bado napokea malalamiko kuhusu hilo.

Hitilafu iliyonichukua muda kuliko zote haikuwa kwenye rangi yoyote. Mtu alichagua usiku, akafunga programu, akaifungua tena, na kabla ukurasa mweusi haujaja, kioo kikapiga weupe mara moja kama radi. Katika duka lenye giza, mweko huo ni ule uleule uliomwanika mama wa Tandika. Kwanza nilidhani ni kwa sababu programu inachora ukurasa wake kabla ya kusoma chaguo lililohifadhiwa, na kweli ilikuwa hivyo. Nikaifanya isome kwanza ndipo ichore. Mweko ukapungua lakini haukwisha. Kumbe kabla ya Flutter kuamka, Android yenyewe hufungua dirisha la kuanzia, na rangi za dirisha hilo huzisoma kwenye mafaili ya programu, zile za usiku zikiwa kwenye folda ya values-night. Folda hiyo hufuata mpangilio wa simu. Chaguo lililofanywa ndani ya programu yangu haina habari nalo. Kuanzia Android 12 programu inaweza kuiambia simu upendeleo wake, nayo ikaukumbuka hadi programu itakapofunguliwa tena. Kwa simu za zamani, ambazo kwa watumiaji wangu si chache, niliweka dirisha la kuanzia la kijani kilichoiva sana kwa mandhari yote. Halipendezi, ila halimuliki.

Kuna jambo moja nililolisahau kabisa, na aibu yake ninaibeba. Programu hutengeneza picha ya taarifa ya deni ambayo mwenye duka humtumia mteja kwa WhatsApp, na picha hiyo niliichora kwa kutumia kazi zilezile 16. Baba mmoja alipokea taarifa yake kutoka kwenye simu yenye mandhari ya usiku, akaipeleka kuchapishwa ili amwonyeshe mkewe, na mashine ikamwaga wino mweusi ukurasa mzima. Alitozwa bei ya picha. Nilimrudishia fedha yake, na sasa taarifa huchorwa nyeupe siku zote, simu iwe na mandhari gani, kwa kuwa mwisho wake ni karatasi.

Majina ya machaguo niliyabadilisha mara mbili. Nilianza na "Mwanga" na "Giza", nikagundua kwamba watu wazima hawakibonyezi kitufe kilichoandikwa "Giza", wakihofia simu itazimika. Nikaweka "Mchana", "Usiku" na "Fuata simu", na hili la tatu linafichwa kwenye simu zisizo na mpangilio wa jumla. Ubadilishaji wenyewe ulikuwa ndani ya mipangilio. Nikautoa na kuuweka juu ya ukurasa wa kwanza, kwa hoja kwamba umeme ukikatika mtu hana muda wa kupekua menyu, na kwa hoja kwamba asubuhi atahitaji kurudi kwenye mwanga haraka. Mandhari ya usiku juani ni kero: kioo cheusi chini ya jua hugeuka kioo cha kujitazamia. Kwa ajili hiyohiyo nilikuwa nimeanza kuandika ubadilishaji wa saa, wa kuwasha usiku jua linapozama. Dar es Salaam hilo halihitaji hesabu ngumu, kwa kuwa mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni.

Nilirudi Tandika baada ya wiki saba, si mbili. Ilikuwa saa sita mchana, jua la utosi, na simu ya mama ilikuwa juu ya kaunta ikiwa na mandhari ya usiku. Nikadhani amesahau kuyarudisha, nikanyoosha kidole nimwonyeshe kitufe. Akaivuta simu.

"Acha hapohapo, mwanangu. Mchana ndiyo dirishani wanajaa."

Nikamuuliza kama jua halimsumbui kusoma. Akaniambia yeye huiinamia, akaikinga kwa kiganja kunionyesha. Ila anayechungulia kutoka nje, akasema, anaona sura yake tu. Nilisogea upande wa wateja nikajaribu. Niliona wavu, paa la bati, na mimi mwenyewe.

Ubadilishaji wa saa nimeuondoa kwenye toleo lijalo.